Hereni ya Ng'ombe wa Mzee Were

Alhamisi, 3 Aprili 2025. Matete.

Mvua ilianza jana, mimi nimeanza leo. Chumba nilichopanga kwa Mama Risper kina dirisha moja na mlango ambao kitasa chake hakifungi sawasawa. Nimeusukumia meza. Mama Risper ameiona akacheka mpaka akashika mbavu: "Lynette, sasa hiyo meza itafanya nini? Mwizi akikuja si ataisukuma tu, na atakula chakula yako ikiwa hapo juu!" Nimecheka naye. Meza imebaki pale pale. Mimi ni mwoga, sikatai, na sijawahi kukutana na mtu aliyeniponya.

Kazi yenyewe ni kutoboa masikio ya ng'ombe na kuwavika hereni. Ndani ya hereni kuna chipu ndogo kuliko punje ya wimbi, na waya mwembamba. Haina betri. Ukiielekezea kisomaji, mawimbi ya redio huiamsha, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Hapo skrini inakuambia ng'ombe ni wa nani, amechanjwa lini, na hulala boma gani. Daktari Cherop, msimamizi wangu kule chuo kikuu Kakamega, anataka kujua kama hereni hizi zinaweza kuzuia wizi wa ng'ombe huku Kabras. Mimi nataka kumaliza shahada ya uzamili nirudi mahali penye taa za barabarani.

Jumatatu, 7 Aprili

Matope. Ng'ombe. Fahali mmoja amenipiga teke la paja na wenyewe wakamsifu.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo tulikuwa kwa Mzee Were, ng'ambo ya mashamba ya miwa. Mzee mcheshi, mwenye koti la kijivu ambalo nadhani hulala nalo. Mkewe anaitwa Teresa, lakini kila mtu humwita Mama Elvis. Elvis ndiye kijana wao wa pekee aliyebaki nyumbani, na wimbo wake ni mmoja tu: pikipiki. Tulipomvika hereni mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, Elvis alisema, "Hiyo ni boda yangu inakula nyasi hapo."

Mzee Were akamjibu bila kugeuka, "Pikipiki inazaanga?"

Kulikuwa na rafiki ya mzee pia, Wanzala, mzee aliyefiwa na mkewe, asiye na watoto, anakaa peke yake ng'ambo ya kijito. Alikuja kumshika mtamba pembe. Mtu wa maneno machache, macho yake yanakutazama halafu yanakwenda pengine. Tulipomaliza aliniuliza, "Binti, hii kitu inaonanga mahali ng'ombe iko?"

Nikamwambia haioni kutoka mbali, ni mpaka kisomaji kiwe karibu, mita tatu, nne.

"Na kama iko ndani ya nyumba?"

Nilimwambia ukuta wa udongo si kitu, mabati ndiyo huzuia. Akatikisa kichwa polepole. Sikulipenda swali lile. Mtu mwema anauliza hivyo kwa nini?

Jumanne, 15 Aprili

Maji ni adui wa mawimbi. Masikio yakilowa, kisomaji kinasoma hatua moja tu, wakati mwingine hakisomi kabisa. Nimempigia Daktari Cherop, akasema niandike yote, hata kushindwa ni matokeo. Rahisi kusema ukiwa umekaa mahali pakavu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeamshwa na mayowe. Ng'ombe wa Mzee Were ameibwa, yule mtamba mwekundu. Nilipofika boma lilikuwa limejaa watu, Elvis anarukaruka kwa hasira, Mama Elvis ameketi chini ameshika kichwa. Mzee mwenyewe alikuwa ameegemea nguzo ya zizi.

Nikatoa kisomaji nimwandike ng'ombe kuwa ameibwa. Nilikuwa nimebuni kitu hapo, na Daktari Cherop alinisifu sana: ng'ombe aliyeandikwa hivyo akisomwa popote, mwenyewe anapata ujumbe kwenye simu papo hapo, pamoja na jina la boma alikoonekana. Mzee Were akanishika kiwiko. "Wacha tu, binti yangu. Imeenda. Wacha iende."

"Baba, unasema nini?" Elvis akafoka. "Andika, Lynette! Andika!"

Nikaandika. Nilidhani mzee amevunjika moyo tu. Elvis akanipa mkono kwa mara ya kwanza, akasema sisi wasomi kumbe tuna faida.

Ijumaa, 25 Aprili

Vijana wameunda doria, na kiongozi wao ni Elvis. Wamepita sokoni na marungu wakiimba. Mama Risper amenisimulia mwizi aliyechomwa kwenye soko moja huko juu miaka ya nyuma, jinsi alivyoomba maji. Nilimwambia sitaki kusikia. Akanisimulia mpaka mwisho.

Sasa naogopa wezi, na naogopa zaidi wanaowatafuta.

Jumatano, 30 Aprili

Meza mlangoni. Juu ya meza nimeongeza ndoo ya maji.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekutana na Wanzala njiani amebeba mzigo wa nepia, yale majani ya kulisha ng'ombe, mkubwa kuliko yeye. Ana ng'ombe wawili tu waliokonda, niliwavika hereni mwenyewe. Mzigo ule ni wa nani? Nilimsalimia, akaitikia na kupita haraka. Sijamwambia mtu. Nimekaa na jambo hilo tumboni kama ugali mbichi.

Ijumaa, 9 Mei

Mzee Were amefariki. Alipata kiharusi Jumatatu, mdomo ukapinda, ulimi ukafunga. Mama Elvis anasema alikuwa akijaribu kusema neno, anaonyesha kwa mkono kule kijitoni, wakadhani anataka maji. Elvis analia na kutukana: "Waliiba ng'ombe, sasa wameiba na mzee." Watu wote wanaitikia hivyo hivyo. Wezi sasa wana damu ya mtu mikononi, na jina lao bado halijulikani.

Jumamosi, 17 Mei

Tumemzika kwenye mvua. Aliyelia kuliko wote ni Wanzala. Walimshika mabega asiangukie kaburini. Nilimtazama nikajiuliza kama mwizi anaweza kulia vile. Nikajibu anaweza.

Mama Elvis amevaa lile koti la kijivu la marehemu. Mama Risper amenifundisha njiani kurudi: mjane hatoki bomani mwake, wala hakanyagi boma la mtu, mpaka siku ya kunyoa nywele, wazee wakae, mambo ya marehemu yasemwe mbele ya watu wote. "Akiingia kwako kabla ya hapo, amekuletea kifo. Hata akikugusa na hiyo koti, wewe hesabu umeisha." Siku yenyewe imepangwa Jumamosi ya tarehe thelathini na moja, ndugu wa mbali wakishafika.

"Wewe unaamini hayo, Mama Risper?"

"Mimi ni mtu wa kanisa," akasema. "Lakini asinikaribie."

Jumanne, 20 Mei

Nimesukuma meza mlangoni kabla ya kuandika.

Leo jua liliwaka tangu asubuhi, siku ya kwanza kavu baada ya wiki nyingi. Nikaenda kukagua hereni za maboma ya ng'ambo ya kijito. Kwa Wanzala hakukuwa na mtu uani. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamefungwa kwenye mparachichi. Nikawasoma, kisomaji kikalia mara mbili. Sawa. Nikawa nageuka niende zangu, kikalia mara ya tatu.

Nilitazama skrini. Mtamba. Mwekundu. Mwenyewe: Were. Hali: AMEIBWA.

Nyuma yangu kulikuwa na jiko la udongo la marehemu mkewe, lililofungwa tangu alipokufa. Nikasikia ndani mnyama anapumua na kutafuna. Kumbe ndiko nepia zote zilikokuwa zikienda! Nilipogeuka, Wanzala alikuwa amesimama kati yangu na lango, panga mkononi, majani mabichi yameshikamana kwenye makali.

Tukatazamana. Sijui nilifikiri nini. Nilifikiri mama yangu ataambiwa na nani.

"Imesema?" akauliza, akionyesha kisomaji kwa kidevu.

Nikakikumbatia kisomaji kifuani. Akaiona hofu yangu, nadhani, maana aliliweka panga chini kwenye nyasi na kurudi hatua mbili nyuma.

"Binti, hiyo ng'ombe siyo ya wizi."

"Ni ya nani basi?"

"Ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, Mzee!"

"Ndiyo maana siwezi kusema." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Neno la mtu aliyekufa halisemwangi jikoni, wawili wawili. Litasemwa siku ya nywele, wazee wakiwa wamekaa. Nikikuambia wewe leo, kesho watasema nimetengeneza maneno nikule ng'ombe ya marehemu. Ngoja hiyo siku. Nakuomba."

Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa lolote. Nilikizima kisomaji mbele yake, nikapita kando ya lile panga, na nilipofika kwenye miwa nikakimbia mpaka barabarani.

Ni mwizi au si mwizi? Nikisema, watamchoma. Nisiposema na kumbe ni mwizi, atamchinja yule mtamba na mimi nitakuwa nimemsaidia. Simu ya Daktari Cherop haipatikani. Kule kijitoni hakuna mtandao, kwa hiyo usomaji ule haujakwenda popote. Umelala ndani ya kisomaji, na kisomaji kimezimwa. Nina mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ee Mungu, nipe akili.

Alhamisi, 22 Mei

Ya jana ninayaandika leo. Jana nisingeweza.

Asubuhi betri ya kisomaji ilikuwa karibu kuisha, nikakiacha dukani kwa Mama Risper kwenye umeme, kama kila siku. Kama kila siku! Kisomaji kile kikichomekwa huwaka chenyewe. Kikiwaka hutafuta mtandao. Kikipata hutuma kila kilichobeba. Niliyajua yote haya, ni mimi niliyeyaandika kwenye mwongozo wa mradi, na bado nilikichomeka nikaenda kununua nyanya.

Ujumbe ulikwenda kwenye simu ya Mzee Were. Simu ya mzee anayo Elvis.

Nilikuwa bado sokoni niliposikia firimbi ya doria. Vijana wakatoka kwenye vibanda, kwenye stendi ya boda, kwa kinyozi, mmoja bado ana sabuni shavuni. Nikamsikia Elvis akisoma kwa sauti kutoka kwenye simu, maneno yangu mwenyewe, niliyoyatunga nikiwa najivuna: "Ng'ombe wako aliyeibwa ameonekana katika boma la Wanzala." Mtu mmoja akaenda kuleta tairi. Mwingine alikuwa na chupa ya soda, na ndani haikuwa soda.

Nilipaswa kukimbia mbele yao nikasimame langoni kwa Wanzala. Sikufanya hivyo. Niliogopa. Nilijiona pale mbele ya marungu na nikajua sauti haitatoka. Nilirukia pikipiki ya mtu wa boda nikamwambia kwa Mzee Were, upesi, na huko nikamkuta Mama Elvis ameketi mlangoni na lile koti, anachagua maharagwe.

Nilimweleza yote kwa pumzi moja: jiko, mtamba, panga, siku ya nywele, simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitaka aniambie Wanzala ni mtu mzuri, marehemu alimpa ng'ombe, kitu kama hicho.

"Alikuambia imefikaje kwake, hiyo ng'ombe?"

"Alikataa kusema. Mama, sijui kama ni mwizi."

"Hata mimi sijui." Akasimama, maharagwe yakamwagika. "Lakini hiyo simu ni ya mzee wangu. Hakuna mtu atachomwa na simu ya mzee wangu. Twende."

"Mama, wewe huruhusiwi kutoka..."

"Nani ameniruhusu kufiwa? Twende."

Mtu wa boda alipomwona anakuja na lile koti, aliruka kutoka kwenye pikipiki yake akakimbia, akatuachia ufunguo na kila kitu. Hakuna kati yetu aliyejua kuendesha. Tukakimbia kwa miguu, tukakata katikati ya miwa, majani yakitukata mikono, yeye mbele na mimi nyuma, na mvua ikaanza.

Tulisikia sauti zao kabla hatujafika. Wanzala alikuwa amepiga magoti uani mwake. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia vibaya, mfupa umekatika chini ya kiwiko. Alikuwa ameuinua kukinga kichwa, ukapigwa rungu. Mbele yake alisimama Elvis na rungu. Tairi lilikuwa limeshawekwa chini. Mtamba wameshamtoa jikoni, anatetemeka, hereni ya njano sikioni. Watu walikuwa wakipiga kelele, "Sema uliiba na nani! Sema!" na Wanzala anarudia neno lile lile, "Siku ya nywele, wanangu. Siku ya nywele nitasema."

Mama Elvis hakupiga yowe. Alipita tu langoni.

Wa kwanza kumwona alikuwa mwanamke mmoja, akapiga ukemi, "Uwi! Mjane!" Nikaona jambo ambalo sitalisahau. Vijana wale, wenye mapanga na petroli, waligeuka na kuona lile koti la marehemu likiwajia, wakarudi nyuma. Yeye akanyoosha mikono yote miwili, mikono mirefu ya koti ikiwa imelowa na kuning'inia, akamwendea mmoja mmoja. "Njoo nikushike. Wewe wa tairi, njoo. Si mnataka kifo? Nimekileta. Njooni mchukue." Wakakimbia. Walipita juu ya ua, walipita kwenye miwa, mmoja aliacha viatu.

Elvis peke yake hakukimbia, maana mtu atamkimbiaje mama yake? Alisimama na rungu lake analia. "Mama, amemuua Baba!"

"Umemwona akimuua?"

"Ng'ombe si hiyo hapo?"

"Ng'ombe nimeiona. Nimekuuliza kuhusu mtu." Akavua khanga yake iliyokuwa chini ya koti, akanirushia mimi. "Mfunge mkono. Mimi simgusi."

Nikamfunga. Aliniangalia usoni, nikangoja aniambie niliahidi kungoja. Hakuniambia.

Ijumaa, 23 Mei

Wanzala amelazwa. Mkono umefungwa plasta. Daktari Cherop amepiga simu, hajui lolote, ameona tu kwenye kompyuta yake: "Lynette, mfumo umefanya kazi! Umempata ng'ombe aliyeibwa!" Nikamwambia kilichotokea. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Ujumbe nimeuzima. Wote, kila boma." Nilikuwa namwona mtu wa karatasi tu. Leo nimesikia analia.

Jumapili, 25 Mei

Mama Risper hatoki uani. Anasema kijiji kizima kimetiwa uchafu na Mama Elvis, watoto wataugua. Nikamuuliza, je, mtu anaweza kukaa na ng'ombe wa mwenzake bila kuiba?

"Kwani wewe umesoma nini huko Kakamega? Watu wa hapa wanawekeshananga ng'ombe tangu zamani. Mtu hataki mali yake yote ionekane bomani, anampelekea rafiki moja usiku, na hakuna mtu anaambiwa. Hata bibi."

Nikakaa chini. Kwenye mradi wetu tuliandika: ng'ombe akilala boma lisilo lake, ameibwa. Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe asili yangu ni huku, ingawa nimekulia mjini, na sikuuliza.

"Kwa hivyo Wanzala si mwizi?"

"Ama aliwekewa, ama aliiba," akasema Mama Risper. "Mwenye kujua mmoja amezikwa, na mwingine atasema nini ya kuaminika? Vijana wameapa. Asipokuwa na shahidi hiyo Jumamosi, hatatoka hapo."

Jumanne, 27 Mei

Sijala.

Alhamisi, 29 Mei

Wanzala ametoka hospitalini. Amekataa kwenda kwa dada yake mbali. Nilipita kwake kwa hofu, nikamwambia akimbie tu, ng'ombe nitamrudisha mimi. Akasema, "Nikikimbia si nimeiba?"

Jumamosi, 31 Mei

Wazee walikaa chini ya turubai uani kwa marehemu Were. Mama Elvis ameshanyolewa, ameketi kwenye mkeka. Vijana wa doria walisimama nyuma kwenye ua, wengi, na sikupenda walivyosimama. Mimi nilichagua mahali karibu na pengo la ua, nikajidharau kwa kulichagua.

Mzee wa ukoo akauliza kama ilivyo desturi: aliye na neno la marehemu aseme, aliye na kitu cha marehemu aseme. Halafu tukamsikia mtamba langoni. Wanzala akaingia akimwongoza, plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, shati lake limefuliwa. Vijana wakasogea. Mzee wa ukoo akainua fimbo, wakasimama.

"Hii ng'ombe," Wanzala akasema, "Were aliniletea mwenyewe, ile siku mliambiwa imeibwa. Alisema, ficha, na usiambie mtu mpaka nikuambie. Alisema, Elvis anataka kuiuza anunue pikipiki. Hiyo ni ng'ombe ya mahari yake. Siku atataka kuoa, nitakuja kuichukua. Kama sitakuwa hai, wewe ndiye utampa, mbele ya watu." Akapumzika. "Yeye hayuko. Watu ndio hawa."

"Shahidi ni nani?" mtu akapaza sauti kutoka kwenye ua.

Mama Elvis akajibu kutoka mkekani. "Ile siku mbwa hakubweka. Nilisikia lango linafunguliwa, na upande wa mzee kitandani ulikuwa baridi. Nikadhani ametoka haja. Asubuhi nikaona koti lake limelowa umande mpaka magotini, nikanyamaza, maana alikuwa mume wangu. Na akiwa amefungwa ulimi alituonyesha kijito, tukampa maji." Akaanza kulia. "Tulimpa maji."

Mzee wa ukoo akamwita Elvis aje apokee ng'ombe wake.

Elvis akaja mpaka katikati ya uwanja. Wanzala akamnyooshea kamba kwa mkono wa kushoto, na wazee wakaguna, maana hakuna mtu huku anayempa mwenzake kitu cha maana kwa kushoto, sembuse ng'ombe, sembuse siku kama hii. Mmoja akakohoa kwa nguvu ili Wanzala ajirekebishe.

"Mniwie radhi wazee, na wewe mwanangu," Wanzala akasema. Hakukuwa na uchungu wowote kwenye sauti yake, nilisikiliza sana nikautafuta. "Najua hii siyo heshima. Ile ingine bado haishikangi kitu."

Elvis akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama. Kisha akaurudisha nyuma ya mgongo, akapiga goti matopeni, akaipokea kamba kwa kushoto.